Puli ya Tatu ya Mwalimu Breki

"Shem, puli haina kosa. Mwenye kosa ni huo mguu wako wa kushoto."

Fundi aliyesema hivyo alikuwa ameinamia injini ya gari dogo jeupe lenye kibao cha herufi L juu ya paa. Aliyeambiwa ni mke wa kaka yake, mwanamke wa miaka arobaini na saba anayefundisha udereva kwa gari hilohilo. Wanafunzi wake watatu walikuwa wamesimama kando ya ukuta wa gereji wakisubiri zamu. Mmoja alicheka. Wawili walitazama viatu vyao, na hao ndio waliomuuma zaidi.

Wanafunzi humwita Mwalimu Breki. Jina limetokana na kanyagio la pili la breki, lililofungwa upande wa abiria, ambalo amekuwa akilikanyaga kwa miaka kumi na tisa kila mwanafunzi anapoona ukuta na kuongeza mafuta. Akikaa hapo, mikono yake huiweka chini ya mapaja. Ni sheria aliyojiwekea, ili asinyakue usukani wa mtu. Kazi yake yote iko miguuni na masikioni. Anaweza kufumba macho na, kwa mlio wa injini tu, akakuambia mwanafunzi ameachia klachi kwa kiasi gani. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mguu wake unavunja gari, tena mbele ya watu wanaojifunza kwake kutumia miguu, ni kumvua nguo barabarani.

"Haya, shemeji," alisema. "Funga tu."

Hiyo ilikuwa puli ya pili ndani ya miezi saba.

Puli ni gurudumu la chuma lenye ukubwa wa sahani, linaloshikwa na bolti moja kwenye ncha ya mhimili mkuu wa injini. Mhimili ukizunguka, nayo inazunguka, na mkanda wa mpira uliopita juu yake unaendesha altaneta inayochaji betri na pampu ya maji yanayopoza injini. Puli ikianza kuyumba, mkanda unalia, taa ya betri inawaka, mshale wa joto unapanda. Ya kwanza ilikata tamaa katikati ya mzunguko wa barabara saa sita mchana. Mwanafunzi alikuwa kwenye usukani, lori likiwapigia honi mgongoni. Ya pili, ile ya siku ya mguu wa kushoto, haikumaliza miezi mitatu.

Mtu angeuliza kwa nini hakubadilisha fundi. Wanaouliza hivyo hawana wakwe. Gari hilo lilipoingia nyumbani, mama mkwe alitoa amri moja, na aliitoa akiwa amesimama, jambo analolifanya kwa nadra: gari la nyumba hii halipelekwi kwa fundi wa nje wakati mwanangu ana spana mkononi. Mume wa Mwalimu Breki, mtunza stoo wa shule ya sekondari, aliitikia kwa kichwa. Ni mtu anayejua idadi ya kila ufagio na kila boksi la chaki, lakini hajawahi kumwambia mdogo wake neno gumu tangu wakiwa watoto.

Basi kosa likabaki la mguu. Hapo ndipo jambo baya zaidi lilipotokea, na halikutokea gereji. Mwalimu Breki alianza kuamini. Alianza kuutazama mguu wake wa kushoto kana kwamba ni wa kuazima. Kisha akabadilisha somo. Miaka yote alikuwa akifundisha kwamba klachi inaachiwa mpaka injini ishushe sauti, halafu mguu unasimama, halafu unaondoka. Sasa akawa anawaambia wanafunzi waiachie taratibu mno, "kama mnamlaza mtoto mwenye homa," ili puli isishtuke.

Aliyelipia somo hilo ni mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wote, mtu wa miaka hamsini na sita anayetunza mitambo kwenye kituo cha maji. Wenzake humwita Mzee wa Pampu. Kituo kilikuwa kimehamishia mitambo mitatu nje ya mji na kutangaza kwamba asiye na leseni ya kuendesha hatabaki kwenye kazi hiyo. Siku ya mtihani, kwenye mlima, mzee aliachia breki ya mkono na kuanza kumlaza mtoto mwenye homa. Gari likarudi nyuma mita mbili na kuangusha kibao cha mtahini. Alifeli. Alishuka, akakisimamisha kile kibao mwenyewe, akakifuta vumbi kwa leso.

Mtihani wa marudio ulipangwa Jumanne ya wiki ya pili. Jumatano ya wiki ya kabla yake, wakiwa mazoezini, mkanda ukaanza kulia tena.

"Mwalimu, naomba nisimame," Mzee wa Pampu alisema. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, maana kwenye usukani huwa hana raha hata gari likiwa limezimwa. Alisimamisha, akafungua boneti, na mara akawa mtu mwingine. Aliinama, akasikiliza, akaangaza tochi ya simu.

"Puli inayumba. Nani alikufungia?"

"Wananiambia ni klachi. Ni mguu wangu, nauondoa kwa nguvu."

Mzee alinyanyua kichwa taratibu. "Klachi iko mwisho wa huku wa mhimili. Puli iko mwisho wa kule. Hiyo ni sawa na kusema kisigino chako ndicho kilichochana kofia. Fundi gani huyo?"

"Shemeji yangu."

"Ahaa." Alizima tochi. "Basi mimi sijasema kitu."

Lakini alikuwa ameshasema. Mwalimu Breki alirudi nyumbani akiendesha mwenyewe, dirisha wazi, mkanda ukilia njia nzima, na kila mtu aliyegeuka kutazama alimwongezea kuni. Hakukasirika kwa sababu ya puli. Alikumbuka kile kibao kilichoanguka na ile leso.

Kesho yake alinunua puli mpya. Muuza vipuri, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa: "Na kile kipande chake cha kufungia unacho? Wengi hukisahau." Akamtolea kipande cha chuma kidogo kama mbegu ya boga. Kinakaa nusu kwenye mfereji wa mhimili na nusu kwenye mfereji wa puli, akaeleza, ili hivyo viwili vizunguke kama kitu kimoja. Mwalimu Breki alikinunua pia, kwa tahadhari tu, akakitia kwenye bahasha.

Jioni boksi la puli lilikuwa juu ya meza ya chakula, kati ya chumvi na chupa ya maji. Mumewe alilizunguka kwa macho kama mgeni asiyejulikana.

"Nimpigie mdogo wangu aje Jumamosi?"

"Usimpigie."

"Sasa nani ataifunga?"

"Mimi."

Alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Wewe utafunga puli?"

"Kwa mkono huu, na huu."

"Ukiharibu injini je? Hilo ndilo gari pekee ulilonalo. Shule yako yote ni hilo gari."

"Najua shule yangu ni nini."

"Na mama atasemaje?"

"Mama alisema gari lisiende kwa fundi wa nje." Aliweka kijiko chini. "Mimi ni wa nje?"

Mtunza stoo alijimiminia maji. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na swali hilo halikuwa na jibu lililo salama.

Hoja yake ilikuwa na nguvu, na mkewe aliijua. Akikosea, injini inakufa, na si hivyo tu: shemeji atakuwa amepata ushahidi wa maisha. Kila karamu ya familia, kila msiba, hadithi itakuwa ni ile ya mwalimu aliyeua gari kwa mikono baada ya kulichosha kwa miguu. Akimpa shemeji, baada ya miezi mitatu mkanda utalia tena na mguu wake utashitakiwa tena. Usiku huo aliosha vyombo kwa kishindo hadi sahani moja ikapasuka ukingo. Alitaka kujua kosa ni la nani, na jibu lilikuwa nyuma ya puli, mahali ambapo wakati wa kazi jicho la fundi tu ndilo hufika.

Ijumaa alimfuata Mzee wa Pampu kituoni na kumwomba aje aifunge yeye. Mzee alikataa.

"Nikiitoa mimi, utajua nilichokuambia. Ukiitoa wewe, utajua ulichokiona. Nitakuazima vifaa, na nitakuja kukaa. Lakini sikusogezei hata spana."

"Mbona unanifanyia hivyo?"

"Wewe mbona hunishikii usukani?"

Alimpa chuma cha miguu mitatu cha kuvutia puli, bomba la kuongezea urefu wa spana, na spana yenye kipimo inayolia "tak" bolti inapofika mkazo wake. Akamwonya mambo mawili. Puli isiingizwe kwa nyundo, maana kila pigo linaingia hadi kwenye mhimili. Na kama mfereji wa mhimili umeliwa, asifunge kitu chochote. Gari liende kwa wenye mashine za kuchonga, na pengine lisirudi.

Jumamosi saa tatu asubuhi, gari lilikuwa uani mbele ya nyumba, limekaa juu ya jeki na matofali mawili ya zege, gurudumu la mbele limetolewa. Mwalimu Breki alivaa ovaroli ya zamani ya mumewe, imekunjwa mikono. Mzee wa Pampu alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa. Mikono aliiweka chini ya mapaja.

Bolti ya puli haifunguki kama injini inazunguka nayo. Dawa yake ni kuweka gia ya tano na mtu akanyage breki kwa nguvu zote. Kwenye gari hili kulikuwa na breki mbili, kwa hiyo mume alipewa kiti cha mwalimu. Aliingia akiwa na kandambili.

"Vua. Zitateleza."

Akavua.

"Kanyaga, na usiachie mpaka niseme."

Aliingiza spana, akavika bomba, akaegemea kwa uzito wote akitarajia vita. Bolti ikalegea kama kifuniko cha chupa iliyokwisha kufunguliwa. Karibu aanguke. Mzee wa Pampu alinyanyua nyusi.

Puli yenyewe ndiyo iliyogoma. Alifunga chuma cha miguu mitatu, akakaza skrubu ya katikati robo kwa robo. Jasho lilimwingia machoni. Chuma kilitoa mlio mrefu, puli ikatoka, na pamoja nayo vikatoka vitu viwili vilivyoanguka juu ya sementi.

Cha kwanza kilikuwa utepe wa bati uliokatwa kwenye kopo la maziwa ya unga, uliozungushwa kwenye mhimili ili puli isicheze. Bado ulikuwa na rangi. Ungeweza kuona nusu ya uso wa ng'ombe. Cha pili kilikuwa kipande cha msumari wa mbao, kimekatwa kwa koleo pande zote mbili, kimepondeka kama meno yamekitafuna. Kilikuwa kimekaa mahali pa ile mbegu ya boga.

Mwalimu Breki alikitazama kwa muda ambao mzee, baadaye, alisema ulitosha kuchemsha chai. Alikiokota, akakifuta kwa kidole gumba.

Pikipiki iliingia uani. Shemeji alizima, akashuka akitabasamu.

"Shem! Nasikia umefungua gereji! Mbona hamnialiki uzinduzi?"

Ina maana kuna mtu alimpigia. Mwalimu Breki aligeuza uso kuelekea kiti cha mwalimu. Mumewe alikuwa ameshatoa mguu kwenye breki na alikuwa akitafuta kandambili zake.

"Karibu, shemeji," Mwalimu Breki alimwambia fundi. "Tuna mgonjwa mmoja tu." Akafungua kiganja. "Hiki ni nini?"

Tabasamu la fundi lilibaki usoni sekunde moja zaidi ya lilivyotakiwa. "Hicho... aa, hicho kilikuwa cha muda. Kile chenyewe kilianguka siku ile, tukakitafuta hatukukiona. Nikasema nitakapokipata nitakuja kubadilisha."

"Siku ile ipi?"

"Ile ya kwanza."

"Kwa hiyo puli ya kwanza, msumari. Ya pili, msumari na ng'ombe. Na mguu wangu uliingilia wapi?"

"Shem, ule si ulikuwa utani! Mimi na wewe si watani? Mtu na shemeji yake asipotaniana, ataniane na nani?"

"Utani ni wa mimi na wewe, tukiwa tumekaa. Mbele ya wanafunzi wangu hukunitania. Ulinipakazia. Mtu huyu hapa," akaelekeza kidole kwenye kreti, "amefeli mtihani kwa ajili ya msumari wako. Umri wake sawa na wa baba yako mdogo."

"Mimi sikumfundisha mimi..."

"Hapana. Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha ulichonidanganya."

Fundi alimgeukia kaka yake, kama alivyozoea kufanya tangu utotoni mambo yanapomharibikia. "Kaka, si ongea basi! Si nilikuambia mimi, kwamba kile kipande kimepotea?"

Jirani aliyekuwa akianika nguo aliacha kibanio mdomoni.

"Ulijua?" Mwalimu Breki alimuuliza mumewe.

"Aliniambia, ndiyo. Nilidhani alishanunua kingine. Sikutaka... ni mdogo wangu."

Mtu anayehesabu fagio. Karibu miezi mitatu alimsikia mkewe akijilaumu mezani, akimwona akinyanyua mguu wake wa kushoto na kuutazama, na jibu alikuwa nalo mfukoni.

"Toka kwenye gari langu," alisema, kwa sauti ya chini kuliko zote alizotumia asubuhi hiyo.

Alitoka, peku.

"Haya, yamekwisha," fundi alisema, akinyoosha mkono kuichukua spana. "Shem, sogea nikumalizie. Hapo ndipo pagumu, utaharibu."

"Ukigusa spana hiyo nakuvunja kidole, na nitakifunga kwa msumari."

Aliurudisha mkono.

Sasa lilibaki lile swali la mfereji, na hapo hasira haikuwa na msaada wowote. Alipiga magoti, akapitisha ukucha ndani ya mfereji wa mhimili, mwanzo hadi mwisho, kama alivyoelekezwa. Ukucha ulikwama mahali pamoja.

"Kikwaruzo au shimo?" Mzee wa Pampu aliuliza kutoka kwenye kreti.

Alirudia. "Kikwaruzo. Ukingoni."

"Msumari ni laini kuliko mhimili. Umejitafuna wenyewe. Angeweka chuma kigumu, leo ungekuwa unalia. Shukuru alichagua cha bei rahisi."

Alipitisha tupa mara mbili, kwa wepesi, akafuta. Alifungua bahasha, akatoa ile mbegu ya boga, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikaingia, ikakaa. Aliisukuma puli mpya kwa viganja hadi ikashika, akaivuta ndani kwa bolti, mzunguko mmoja mmoja, bila nyundo. Kisha akasimama.

Kwa mkazo wa mwisho alihitaji mguu kwenye breki. Ndugu wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega karibu na pikipiki, kila mmoja akisubiri aitwe.

"Mzee," alisema. "Ingia. Kiti changu."

Mzee wa Pampu alitoa mikono chini ya mapaja. Alivua viatu bila kuambiwa, akaingia upande wa abiria, akakanyaga. Mwalimu Breki alivuta spana yenye kipimo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mishipa ya shingo imesimama. Tak.

Gari liliwaka. Mkanda ulizunguka bila neno. Puli ilikuwa imetulia kiasi kwamba ungedhani haizunguki. Hakuna aliyepiga makofi, na yeye hakuyatafuta. Alirudisha gurudumu, akashusha jeki, akatia ule msumari na nusu ya ng'ombe kwenye sanduku dogo la dashibodi, akafunga.

"Saa ngapi sasa?" alimuuliza mzee.

"Saa sita kasoro."

"Twende mlimani."

Walipita kati ya wale ndugu wawili. Mlima wa mtihani ulikuwa mtupu. Mzee wa Pampu alisimamisha gari katikati ya mwinuko, akavuta breki ya mkono, na jasho likaanza kumtoka kama kawaida.

"Kabla hujaondoka," Mwalimu Breki alisema, akitazama mbele, "nilikufundisha uongo. Ile ya kumlaza mtoto, isahau. Achia klachi mpaka injini ishushe sauti. Simama hapo. Halafu shusha breki ya mkono, ongeza mafuta, ondoka."

"Kwa nguvu?"

"Si kwa nguvu. Kwa uhakika."

Injini ilishusha sauti. Mguu ukasimama. Breki ya mkono ikashuka, na gari likapanda, halikurudi nyuma hata upana wa kidole. Mzee alicheka peke yake, kwa mshangao, kama mtu aliyekuta fedha kwenye koti la mwaka jana. Kisha akamtupia jicho mwalimu wake.

"Mbona bado umenuna? Gari ni zima. Fundi umemnyamazisha. Bwana umemwacha peku. Sasa unamkasirikia nani?"

Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni mwa ovaroli, jina la mama mkwe likiwaka kwenye kioo kwa mara ya tatu. Hakuigusa. Mikono yake ilikuwa chini ya mapaja, kucha zimejaa grisi.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "nausikia mguu wangu. Akaja mtu na msumari, nikaacha kuusikia." Walifika juu. "Geuza. Tunarudia. Mpaka Jumanne tunarudia."